Nasaba ya Muhogo, Nasaba ya Wimbo

Upo mkahawa mmoja huko mashamba, upande wa Kizimbani, ambamo mgeni hawekewi sahani mpaka aelezwe ilikotoka. Muhogo umechimbwa asubuhi ile ile nyuma ya jiko. Mchicha umechumwa kwenye matuta yaliyo pembeni ya kisima. Nazi zimeangushwa juzi. Changu amenunuliwa mnadani Malindi kabla ya jua kuchomoza. Na pilipili manga imeparamia mti ule pale, nawe ukitaka unaweza kwenda kuushika. Yote haya yameandikwa kwa hati nzuri kwenye karatasi ya vyakula, na asiyeisoma karatasi husomewa na mwenye mkahawa mwenyewe, kijana mpole mwenye kuipenda kazi yake, apitaye meza hadi meza na tawi la mdalasini mkononi. Kwa lugha ya biashara ya siku hizi mtindo huu huitwa wa shambani hadi mezani. Wazee wetu hawakuwa na jina la jambo hili, kwa sababu hawakujua namna nyingine ya kula.

Nilikwenda huko jioni moja ya msimu wa karafuu, kwa mwaliko wa mtoto wa kaka yangu apigaye fidla. Kundi lao, watu sita pamoja na mwimbaji, lilikuwa limeombwa kuwatumbuiza wageni kwa taarab asilia, naye alitaka awepo japo mtu mmoja mwenye kuyafahamu maneno. "Shangazi," aliniambia kwenye simu, "wewe njoo ukae tu. Nikikuona nitajua kuwa napiga." Sikuielewa vyema kauli hiyo mpaka nilipofika.

Njia ya kwendea huko hupita katika ardhi iliyoona mengi. Karafuu zililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na haukupita muda mrefu vilima vya Kizimbani na Kidichi vikajaa mikarafuu ya mabwana na jasho la watumwa. Hamamu aliyoijenga Seyyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi bado ipo Kidichi, na watalii hupelekwa kutazama nakshi zake za chokaa. Kimbunga cha 1872 kiliing'oa mikarafuu mingi ya kisiwa hiki, ikapandwa upya. Utumwa ukaondolewa kisheria mwaka 1897. Na baada ya Mapinduzi ya 1964 Serikali ikayatwaa mashamba makubwa na kuyagawa kwa wananchi eka tatu tatu. Shamba la mkahawa ule lilikuwa mojawapo ya hizo eka tatu, na limeongezewa kipande cha jirani. Haya hayamo kwenye karatasi ya vyakula, wala sikutegemea yawemo. Mtu aliyekuja kula hakuja kusomeshwa tarehe.

Na chakula, kusema haki, kilikuwa kizuri. Walianza kutuletea shelisheli la kukaanga, limekatwa vipande vyembamba, likaliwa pamoja na achari ya mbirimbi iliyokuwa kali kiasi cha kumfanya jirani yangu, mama mmoja wa Kitaliana, afumbe macho na kucheka peke yake. Ukafuata muhogo wa nazi, mzito, wenye dalili ya hiliki ambayo mimi nisingeitia lakini sikuikataa. Kisamvu kilikuwa kimetwangwa kwa kinu, si kwa mashine. Ulimi huijua tofauti hiyo hata kama jicho haliioni. Nimekula karamu nyingi mjini ambazo hazifikii robo ya chakula kile kwa usafi wa ladha, na nimezoea kuona watu wetu wakijivunia kuku wa kopo na juisi ya unga mbele ya wageni huku maembe yanaoza uani. Kwa hiyo nasema tangu hapa kwamba sina ugomvi na mkahawa ule kwa upande wa chungu.

Wanamuziki walikuwa wamewekwa baina ya mtungi wa maji na ujia wa kwendea chooni. Kila mgeni aliyenyanyuka alipita katikati ya upinde wa fidla na mguu wa mpiga ganuni, akiomba radhi kwa kunong'ona, na mpiga ganuni, mzee aliyevaa kanzu na kofia ya viua, akiitikia kwa kichwa bila kuacha kupiga. Ganuni kwa kawaida ina nyuzi 78, tatu tatu kwa kila sauti, na mzee yule alikuwa ametumia takriban saa nzima kuzilinganisha kabla ya wageni kuwasili, kwani unyevu wa mashamba huzilegeza nyuzi kama unavyolegeza biskuti. Akishamaliza wa mwisho, wa kwanza umeshateremka. Nilimwona akirudia tena bila hasira, kama mtu apembuaye mchele.

Kwa muda wa nusu saa ya mwanzo walipiga vipande. Beti moja, kibwagizo, basi. Halafu wimbo mwingine. Mwanangu alinieleza baadaye kwamba ndivyo wanavyoombwa kila mahali: nyimbo fupi, zile ambazo wageni wamekwisha kuzisikia kwenye kanda na santuri, sauti isipande kuliko mazungumzo. Bashraf ile ya kufungulia, ambayo katika ukumbi wa klabu ni lazima kama bismillahi, huko mahotelini huachwa kwa kuwa haina maneno na mgeni hudhani bado wanajaribu vyombo. Nilipomwuliza kwa nini anakubali, hakunijibu kwa falsafa. Alisema nyuzi za ganuni haziuzwi dukani Darajani, kwamba wachezao kwa ajili ya wageni ndio wanaoweza kuziagizia kutoka nje, na kwamba vijana wanaotoka Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, ambao ni wengi na wana vidole vizuri, wangekuwa wanaendesha bodaboda lau si jioni kama ile. Ni jibu la mtu mzima, na mwenye kutaka kulibeza aseme kwanza ameilipa klabu gani ada ya mwaka huu.

Wapo wenzetu wanaosema kuwa kuipeleka taarab mezani ni kuidhalilisha kwa asili. Mimi siungani nao moja kwa moja. Muziki na sahani ni majirani wa siku nyingi. Ziryab, yule mwanamuziki aliyetoka Baghdad akafika Kurtuba mwaka 822, husimuliwa kuwa ndiye aliyeuongeza udi uzi wa tano, na huyo huyo husimuliwa kuwa ndiye aliyewafundisha watu wa Andalusia kula kwa mpango, mchuzi kwanza, nyama baadaye, vitamu mwisho. Huko Ujerumani, Telemann alichapisha mwaka 1733 mkusanyo mkubwa wa muziki wa mezani, na hakuna asemaye leo kuwa alijidhalilisha. Na kwetu hapa, masimulizi ya chanzo cha taarab yanamtaja Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, kuwa alimpeleka Mohammed bin Ibrahim Misri ajifunze ganuni ili aje kumburudisha ndani ya kasri. Sidhani kuwa kasrini hapakuwa na sinia wala buli la kahawa. Alipokuja Siti binti Saad kutoka Fumba, mtoto wa wafinyanzi aliyekuwa akitembeza vyungu mitaani kabla sauti yake haijarikodiwa Bombay mwaka 1928, aliimba katika majumba ya wakubwa na katika nyumba za watu wa kawaida vile vile, na katika nyumba hizo watu walikuwa wakila.

Kwa hiyo sahani haikunisumbua. Kilichonisumbua kilikuwa kile kikaratasi.

Mwenye mkahawa alipofika kwenye meza yangu alinieleza mbirimbi. Alinionesha mti wake. Alinitajia mvuvi aliyemleta changu kwa jina lake na jina la baba yake, jambo lililonifurahisha, maana wavuvi wetu hutajwa tu wanapozama. Wakati huo mwimbaji alikuwa ameingia wimbo mwingine, nami nikamwuliza:

"Na huu wimbo, mwanangu, wa nani?"

Alitega sikio kidogo kwa adabu.

"Taarab ya zamani hiyo, mama," akasema. "Ya asili kabisa."

Halafu akaenda meza ya pili na tawi lake la mdalasini.

Taarab ya zamani. Fikiri, msomaji, lau angenijibu vivyo hivyo nilipouliza habari za samaki: samaki wa baharini huyo, mama. Ningemwona amenidharau, naye mwenyewe asingethubutu, kwa kuwa mkahawa wake wote umesimama juu ya imani kwamba kitu kinaonjwa vizuri zaidi na mtu anayejua kilikotoka. Imani hiyo ni ya kweli. Lakini ilikuwa imekomea ukingoni mwa sahani, na pale palipo masikio ikawa haina habari.

Si kwamba jambo hili haliwezekani. Katika karne ya 10, Abulfaraj al-Isfahani aliandika Kitabu cha Nyimbo, kitabu kikubwa mno, na ndani yake kila wimbo ameufuatishia jina la mshairi aliyeyatunga maneno, jina la aliyelitia shairi sauti, na mdundo wake, kisha visa vya hao wote, wanapokosana na wanapolewa. Ndiyo nasaba ya wimbo. Klabu yetu kongwe, iliyoundwa hapa Unguja mwaka 1905, ilichukua jina la Ikhwani Safaa kutoka kwa wanazuoni wa Basra wa karne hiyo hiyo ya 10. Majina tumeyarithi, desturi ya kuandika majina hatukuirithi. Kwetu shairi la taarab huwa na wazazi watatu. Mwimbaji hujulikana na mji mzima. Mtia sauti hujulikana na wapigaji. Mtunzi wa maneno hujulikana na wachache, nao aghlabu hutakiwa wanyamaze.

Hapa sina budi kuwa mwadilifu, kwani kunyamaza huko hakukuletwa na uzembe. Mashairi mengi ya taarab yalikuwa barua. Mtu aliyependa pasipo ruhusa, au aliyetendwa na rafiki, au aliyechoshwa na shemeji, alikipeleka kilio chake klabuni kikiwa kimevishwa fumbo: mara ua, mara ndege, mara chombo kilichokwenda mrama. Siku ya siku kikaimbwa ukumbini, na mlengwa, akiwa amekaa katikati ya watu mia, akaipokea barua yake peke yake. Ukilitaja jina la mtunzi umeifungua bahasha mbele ya kadamnasi. Kwa maana hiyo wimbo si muhogo. Muhogo hauna siri na mtu yeyote.

Nayawaza haya kwa sababu ami yangu alikuwa mtunzi wa namna hiyo. Alikuwa karani bandarini, mwembamba, mwenye tabia ya kukunja mikono ya shati mara mbili kamili, si moja wala tatu. Alipofariki tulilikuta daftari lake la mistari ndani ya sanduku la fulana, na ndani ya daftari tungo 31 zilizokamilika, nyingine zikiwa na alama ndogo pembeni, tiki ya penseli. Marehemu baba ndiye aliyenieleza kuwa tiki zile ni za nyimbo zilizokwisha kuimbwa. Nilizisoma na nikazitambua tano. Tano nilizokuwa nikizisikia tangu utotoni, redioni na arusini, nikazicheza na kuziimba nikiwa naosha vyombo mbele ya ami mwenyewe, naye akinyamaza kimya na gazeti lake.

Ikawa, jioni ile, changu hakuwa tayari. Makaa ya vifuu yalikuwa yamekataa kushika, na kwa kuwa mkahawa ule haukubali jiko la gesi kwa samaki wa kuchoma, wageni walisubiri. Robo saa, kisha nusu. Mwenye mkahawa alikwenda kwa wapigaji akawaambia kitu, huku akitoka jasho, nao wakatazamana, na mzee wa ganuni akavuta kanzu yake juu ya magoti kama mtu ambaye sasa ndiyo anakaa. Wakapiga bashraf.

Ni vigumu kuieleza bashraf kwa asiyeizoea. Ilitoka kwa Waturuki ikapitia Misri, na ni muziki mtupu, wa mafungu, ambapo kila fungu likishakwenda mbali hurudi kwenye sehemu moja ile ile, kama mtu arudiye nyumbani kila jioni kwa njia nyingine. Hawakuwa wengi, katika ukumbi huwa na safu nzima ya fidla, na hapa zilikuwa mbili tu, pamoja na udi, ganuni na dumbak. Lakini uchache huo ulifaa. Kila chombo kilisikika kikivuta pumzi. Ilikuwa ya bayati, na katika bayati mna sauti moja, ya pili kutoka chini, ambayo ukiitafuta kwenye piano hutaikuta. Inakaa baina ya vinanda viwili, haina ufunguo. Mwanangu aliipita mara ya kwanza kwa haraka. Mara ya pili akatua juu yake, na akanitazama. Nami nikatikisa kichwa. Nadhani alikuwa akipiga.

Wageni walikuwa bado wanazungumza, lakini kwa namna nyingine. Walikuwa wanazungumza kama watu wanaosubiri nafasi ya kunyamaza. Bashraf ilipokwisha mama wa Kitaliana alipiga makofi, wengine wakafuata. Ndipo mwimbaji, mwanamke wa makamo aliyekuwa muda wote huo ameketi na mkoba wake mapajani, akasimama, na ganuni ikaingia utangulizi ambao mkono wangu uliutambua kabla ya kichwa, maana uliacha kijiko. Ulikuwa wimbo wa ami. Mojawapo ya zile tano.

Shamba nililipalia, matunda ala mwengine
Jasho nikalimwagia, wala sidai jengine
Harufu ikikujia, kumbuka siku nyengine

Katika ukoo wetu ilikuwa ikisemwa, kwa sauti ya chini na wanawake tu, kwamba wimbo huu ulitungwa kwa ajili ya binti mmoja aliyeolewa na mtu mwingine. Kama ni kweli au si kweli daftari halisemi. Nimeukaririsha moyoni zaidi ya miaka 40 nikiwa na binti huyo mbele ya macho yangu: nimemvisha baibui, nimempa nyumba yenye dirisha la kuelekea bandarini. Ndiyo nasaba niliyokuwa nayo. Na nilipokuwa nimekaa pale, katikati ya watu waliojua mbirimbi imetoka mti gani, nilihisi jambo ambalo halikunipata hata siku ya mazishi yake: hamu ya kusimama na kulitaja jina lake kwa sauti kubwa. Jina kamili, na la baba yake, kama alivyotajwa yule mvuvi. Nilihisi vile vile gazeti lake likipanda polepole mbele ya uso.

Walikuwa wamefika beti ya pili pale mlango wa jiko ulipofunguka akatoka mpishi.

Hakuwa ametumwa, hakubeba kitu. Alikuwa na leso kiunoni na mikono bado inachirizika maji, nayo aliifuta kwenye leso huku akitembea, na alipomaliza kuifuta alikuwa ameshaingia kwenye mwendo wa dumbak. Alikuja hivyo, taratibu, bega hili, bega lile, akipita baina ya meza bila ya kumwangalia mtu, na mkono wake wa kulia umenyanyuka juu na noti moja ya elfu mbili imebanwa vidoleni. Wageni walidhani ni sehemu ya tamasha. Mmoja akatoa simu apige picha. Lakini wapigaji walijua, na mwimbaji alijua zaidi ya wote, kwani aliiacha beti aliyokuwa ameianza, akarudi kwenye mshororo wa kwanza, na akaanza kuuimbia uso mmoja.

Kwa wasioizoea taarab: fedha ile si bakshishi. Mtu haendi kutunza kwa sababu sauti ni nzuri, ingawa sauti huwa nzuri. Huenda kwa sababu neno limemgusa, na kwa kwenda kwake anawaambia waliopo kuwa neno hili ni langu, nimelipokea, au nalituma. Ukumbini kila mtu hutazama nani amenyanyuka katika mshororo upi, na jicho lake lilielekea wapi aliponyanyuka. Ugomvi mkubwa umewahi kuzuka kwa noti ndogo. Huko mahotelini mwimbaji huimba usiku kucha na hanyanyuki mtu. Wageni huweka fedha, na huweka nyingi, ndani ya kikapu mlangoni. Mpishi yule aliitia noti yake katika kiganja cha mwimbaji akakifunga kwa vidole vyake mwenyewe, akasimama pale mpaka mshororo uliporudiwa mara ya tatu, kisha akageuka akarudi jikoni kwa mwendo ule ule. Mlango ukafungwa. Samaki wakaja muda mfupi baadaye, na walikuwa wamekolea vizuri sana.

Nilimfuata baada ya chakula. Jiko lilikuwa la makuti, wazi upande mmoja, na yeye alikuwa nje, ameketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi iliyokunjwa, anakunywa chai. Ng'ambo ya uchochoro majamvi ya karafuu yalikuwa yameshakunjwa kwa usiku, lakini harufu ilibaki.

"Shikamoo, dada," akasema, akitaka kunyanyuka.

"Marahaba. Kaa, kaa. Nimekuja kukushukuru kwa chakula."

Tukazungumza kwanza habari za kisamvu. Yeye ndiye anayekitwanga. Vijana waliletewa mashine, ikaharibika, naye hakuuliza itatengenezwa lini. Kisha nikamwambia kuwa nilimwona alipotoka kwenda kutunza. Alitabasamu, akatazama chini ya kikombe.

"Wimbo ule ukipigwa siwezi kukaa," akasema.

Sikumwuliza zaidi. Mambo kama haya hayaulizwi, na nilikuwa nimeshajiandalia jibu: niliyemwona alikuwa mwanamke aliyewahi kupenda. Lakini yeye mwenyewe alinyoosha mkono ulioshika kikombe, akaizungusha ile giza iliyokuwa mbele yetu, matuta ya mchicha, kisima, migomba, ukingo wa mikarafuu.

"Hili shamba alilima marehemu baba," akasema. "Eka tatu alizopewa. Ule muhogo ni mbegu yake yeye. Aliitoa kwao Donge, akaibeba kichwani. Ile mikarafuu mitatu mikubwa kaipanda mwaka niliozaliwa mimi. Alipofariki tukawa wengi, kila mtu ana lake. Wakauza." Akanywa chai. "Sina ubaya na kijana huyu. Mishahara analipa. Lakini nikisikia shamba nililipalia, dada, mimi namwona mzee na jembe lake. Namwona hivi."

Nilibaki kimya kwa muda. Miaka 40 nilikuwa na binti na dirisha lake, na haikupata kunijia kwamba shamba linaweza kuwa shamba.

"Unamjua aliyeutunga?" nikamwuliza.

"Hata. Nani anayewajua hao?"

Nikamtajia. Nilimtajia taratibu, jina lake na la baba yake na la babu yake, na mtaa aliokaa, na kwamba alikuwa ami yangu, ndugu wa baba, toka nitoke. Alilirudia jina lile mara mbili kwa sauti ya chini, kama mtu anayeliweka mahali ambapo ataweza kulikuta. Ndani ya mkahawa walikuwa wanavilaza vyombo katika masanduku yake. Nilisikia uzi mmoja wa ganuni ukiguswa kwa bahati mbaya, kisha kifuniko.

"Naye alikuwa na shamba wapi?" akauliza.

"Hakuwa na shamba," nikamwambia. "Alikuwa karani. Hata mnazi mmoja hakuwa nao."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kisha akacheka, akafunika mdomo kwa leso, akacheka tena.